Tuambieni Hali ya Ziwa!

Nimekuwa kimya hapa kwa wiki tatu. Mtanisamehe. Kazi ya gazeti haina adabu, inakuamsha kabla ya jogoo na kukulaza baada ya walevi. Leo nimepata saa mbili za kwangu, na kwa kuwa kuna hasira iliyonikaa kifuani tangu Jumamosi moja, naona niitue hapa.

Wanaonifahamu watacheka wakisikia nimekuwa mvuvi. Mimi, mtoto wa Eastlands, nisiyejua kuogelea! Lakini ndivyo ilivyo. Mwaka jana nilinunua fimbo ya kuvulia samaki ya mtumba kule Gikomba (ilifikaje huko, usiniulize), na tangu hapo kila Jumamosi ninayoachiwa na mhariri napanda matatu kwenda Naivasha kumtafuta besi. Nasema yule besi wa mdomo mkubwa, samaki wa Marekani, aliyeletwa katika ziwa lile mwaka 1929 ili walowezi wapate mchezo. Wengi wa walowezi waliondoka. Besi hakuondoka.

Besi si samaki wa kubahatisha. Anawinda kwa macho. Maji yakichafuka haoni chambo, na wewe utatupa mshipi mpaka bega lilie. Hupenda kujificha kando ya mafunjo na penye vigogo vilivyozama, akimvizia kamba wa maji baridi, ambaye naye ni mgeni, aliletwa mwaka 1970. Kwa hiyo kabla hujatoa nauli unahitaji kujua mambo machache tu. Mto Malewa umeleta tope kiasi gani wiki hii? Maji yamepanda au yameshuka? Upepo umesukuma magugumaji upande gani? Huo upepo wenyewe unaanza saa ngapi siku hizi? Na viboko, wamelala wapi?

Nimetafuta habari hizi kila Ijumaa kwa miezi. Sijazipata. Gazeti linaloninunulia unga linanieleza Arsenal wanacheza na nani, saa ngapi, na ni mchezaji gani anayeumwa goti. Linanisomea nyota. Linanipa mvua na jua la miji mikubwa. Ziwa lililo umbali wa kama kilomita 90 kutoka Nairobi, ambako nusu ya wasomaji wetu wamewahi kwenda kupigwa picha, halina hata mstari mmoja.

Aliyenipa habari ni mzee mmoja pale ufuo wa Karagita, Jumamosi hiyo ninayotaka kuwasimulia. Wenzangu walikuwa wakibishana juu ya bei ya boti, mimi nikajitenga kutafuta chai. Nikamkuta amekaa kwenye mtumbwi uliopinduliwa, anashona wavu.

"Habari ya asubuhi, mzee."

"Mzuri, kijana. Unafuata nini?"

"Besi."

Hakucheka. Alitazama Longonot, akatazama maji, akasema: "Kaskazini usiende, Malewa imemwaga tope tangu Alhamisi. Nenda pale miti iliyokufa imesimama majini, maji ni masafi. Tupa kando ya mafunjo, usitupe ndani. Saa tano besi ataacha kula. Saa sita uwe umetoka, upepo wa leo utakuja mapema. Na pale penye nyasi ndefu msikaribie, kuna mama na mtoto."

"Mama gani, mzee?"

"Kiboko."

Jamani, hiyo haikuchukua hata dakika moja! Taarifa kamili ya hali ya ziwa, yenye mahali, saa na hatari. Na haikugharimu chochote zaidi ya chai niliyomnunulia.

Sasa sikilizeni upumbavu wetu. Tulikuwa watano, vijana wenye shahada, tukakodi boti ya kijana mmoja ambaye alikuwa na jaketi tatu za kujiokoa. Na yeye mwenyewe tulikuwa sita. Tulikwenda kwenye ile miti iliyokufa, na mzee alikuwa amesema kweli: tulipata besi mmoja, mkubwa kama ndala ya mtu mzima. Ilipofika saa sita nikasema turudi. Wenzangu wakaniambia huyo mzee alikuwa anatutisha tu, nusu saa zaidi itatuua? Upepo ulikuja saa saba kasoro.

Ambao hamjawahi kuwa Naivasha mchana niwaeleze. Asubuhi ziwa lile ni kioo. Mchana ni kitu kingine kabisa. Sehemu kubwa yake haina kina, ni mita chache tu kwenda chini, na maji ya kina kifupi yakipigwa na upepo hufanya mawimbi mafupi, yaliyobanana, yanayokugonga moja baada ya jingine bila kukupa nafasi ya kupumua. Boti ikaanza kujaa. Injini ikasokota magugumaji ikazima. Tukawa tunasukumwa polepole kuelekea zile nyasi ndefu, na hapo nikakumbuka mama na mtoto. Mimi sikuwa na jaketi. Nilikuwa nimempa msichana wa kundi letu, si kwa uungwana, ni kwa kuwa asubuhi lilikuwa linaninukia samaki.

Waliotuvuta ni wavuvi wawili waliokuwa wakirudi na nyavu zao. Tulipofika ufuoni walikataa pesa. Walimchukua yule besi.

Mtasema huo ni uzembe wetu. Nakubali, tuliambiwa tukapuuza. Lakini sisi tuliambiwa kwa bahati! Mimi nilikutana na mzee kwa sababu ya chai. Asubuhi hiyo waliingia majini watu wengi kutoka Nairobi, wengine na watoto wadogo, na hakuna aliyewaambia lolote. Pale gatini palikuwa na ubao mmoja tu, wa bei za soda.

Jumatatu nikaandika maneno 300. Si habari ya ushujaa wetu, ilikuwa pendekezo: kila Ijumaa tuweke kisanduku kidogo, hali ya ziwa wikendi hii. Upepo, maji, samaki, viboko. Mhariri (simtaji, nataka kula mwisho wa mwezi) akasoma, akaniuliza hii ni habari ya nani. Halafu akasema, "Watu wakizama, ndiyo uniletee."

Nilidhani anatania.

Nikaenda kwenye maktaba ya magazeti ya zamani kuona kama ni sisi tu. Agosti 2018, mtalii kutoka Taiwani aliuawa na kiboko kando ya Ziwa Naivasha alipokuwa akipiga picha. Habari hiyo ilizunguka dunia nzima. Siku hiyohiyo, katika ziwa hilohilo, mvuvi Mkenya aliuawa na kiboko pia. Yeye alipata sentensi moja, chini, ndani ya habari ya mtalii. Na chini zaidi palikuwa na maelezo kwamba maji yalikuwa yamepanda kupita kawaida na kuwasukuma viboko kutoka malishoni mwao hadi kwenye mashamba na makazi ya watu. Hebu isome tena hiyo. Maji yamepanda, viboko wamehama. Hiyo ndiyo hali ya ziwa! Ndiyo yale aliyoniambia mzee kwa lugha yake. Ilijulikana, na sisi waandishi tukaichapisha baada ya maiti, katika aya ya mwisho.

Usiniambie kwamba habari hazipo. Ziwa Naivasha ni moja ya maziwa yaliyochunguzwa sana katika Afrika. Kina chake kinapimwa, na kumbukumbu zake zinarudi nyuma zaidi ya miaka mia. Taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi ina kituo chake palepale Naivasha. Mashamba ya maua yanayonyonya maji ya ziwa yanajua yamesogea kwa sentimita ngapi, maana pampu zao ziko hapo. Hoteli zenye nyasi zilizokatwa zinajua viboko wanapanda saa ngapi jioni, ndiyo maana zina askari wa kumsindikiza mgeni hadi chumbani kwake. Mwenye pesa huuliza mapokezi na anajibiwa kwa tabasamu. Anayeshuka matatu Karagita au Kamere amuulize nani?

Na usiniambie haiwezekani. Kule Ziwa Victoria, baada ya miaka mingi ya kuzika wavuvi, idara za hali ya hewa za nchi zetu zilianza kutoa utabiri wa upepo na mawimbi kwa ajili ya wavuvi, na Kiswahili ni moja ya lugha zilizotumiwa. Huko wanaelezwa upepo utatoka upande gani na mawimbi yatakuwaje. Naivasha ni ziwa dogo mno mbele ya Victoria, ndiyo, lakini maji ya kumuua mtu hayahitaji kuwa mengi.

Rafiki yangu mmoja, mvuvi wa mchezo kama mimi ila yeye ana gari, amenipinga kwa hoja nyingine. Anasema ukitangaza besi yuko wapi, wikendi itakayofuata ziwa litajaa watu na besi ataisha. Hoja hii ina uzito kidogo. Samaki wa Naivasha wamewahi kuisha. Mwaka 1970 ziwa lilitoa zaidi ya tani elfu moja, kisha likaanguka vibaya, na mwaka 2001 serikali ikalazimika kufunga uvuvi kwa mwaka mzima. Lakini besi hakumalizwa na watu wenye habari. Amebanwa na nyavu za matundu madogo, na tope linaloteremka na mito, na samaki aina ya karpu aliyeonekana ziwani mwaka huohuo wa 2001, ambaye hula kwa kufukua matope na kuchafua maji ya mwindaji wa macho. Leo karpu ndiye anayejaza nyavu kuliko besi. Kama mwenzangu anampenda besi kweli, angetaka watu wengi zaidi wajue maji yamechafuka wapi na yanachafuliwa na nini. Ukweli ni kwamba anataka mahali pake pa siri, na hajali nani anazama pengine.

Hoja ya tatu ndiyo iliyonichukiza zaidi, na niliisikia kwa mtu wa ofisi fulani. Alisema wanaokufa wengi ni wale wanaovua kwa miguu, wanaoingia majini mpaka kifuani bila boti na bila leseni, kwa hiyo kuwapa taarifa ni kuwatia moyo wavunja sheria. Nilimwomba arudie, nikidhani sikusikia vizuri. Akarudia! Vijana hao wapo, kila asubuhi, nimewaona mwenyewe. Hawana mtaji wa boti. Sehemu kubwa ya ukingo wa ziwa imezungushiwa nyaya za mashamba na hoteli, kwa hiyo wanapenya wanapoweza, na wanapoweza kupenya ndipo kiboko naye anapopita. Wakamate kama sheria inasema wakamatwe. Lakini tangu lini mtu asiye na leseni akapoteza haki ya kuambiwa kwamba kuna kiboko mwenye mtoto mbele yake?

Na mambo yanabadilika haraka, hilo ndilo linalonitisha. Mwishoni mwa 2009 ziwa lilikauka kiasi cha watu kuandika kwamba linakufa, na Februari 2010, mvua zilipoanza, samaki wengi wakaelea wamekufa kwa kukosa hewa majini. Kisha maji yakageuka yakaanza kupanda. Mwaka 2020 yaliingia mtaa wa Kihoto. Mwaka 2025 yakaingia tena, maelfu wakahama, na boti za watalii zikawa zinabeba magodoro. Mahali palipokuwa uwanja juzi leo ni ziwa, chini yake kuna kuta na nyaya za ua na vyoo vya shimo. Ramani aliyonayo kichwani mtu aliyekwenda miaka mitano iliyopita haifai tena. Miti ile iliyokufa nilikompata besi ilikuwa nchi kavu!

Sidai mambo makubwa. Nataka ubao kwenye kila ufuo wa umma, chaki, na mtu anayelipwa kitu kidogo kuandika mistari mitano kila asubuhi. Yule mzee angeifanya kazi hiyo kuliko daktari yeyote wa mazingira. Nataka kituo cha redio cha pale Naivasha kisome mistari hiyo kati ya nyimbo mbili. Na nataka kisanduku changu gazetini.

Jana nilimpigia mzee simu, nikakipeleka tena mezani kwa mhariri. Safari hii ni maneno machache, hana hata haja ya kukunja shati kuyahariri:

Naivasha, Jumamosi. Maji yamepanda kidogo tangu wiki jana. Kaskazini kuna tope, kusini ni safi. Besi anakula kuanzia alfajiri hadi saa nne, kando ya mafunjo. Upepo unaanza saa saba, boti zote ziwe zimetoka saa sita. Viboko wako nyuma ya gati la zamani, msipite hapo kwa miguu. Usipande boti isiyo na jaketi lako.

Bado hajanijibu. Akiitupa, mmeshaisoma hapa.