Chekechea sio kitu cha ziada

Vijana wenzetu, mwaka 2017 watafiti wa Harvard walitumia mashine ya MRI, inayoonyesha damu inaongezeka wapi kichwani, kupima ubongo wa kima waliolelewa bila kuona sura yoyote. Walezi wao walivaa barakoa za mafundi wa kuchomelea. (Kumtenga mtoto wa kima na mama yake, hilo halitupendezi hata kidogo.) Kima wa kawaida wana sehemu maalum za kutambua sura. Hao hawakuwa nazo! Za kutambua mikono walikuwa nazo, maana mikono waliiona kila siku.

Kima sio mtoto wa mtu, tunajua. Lakini tukiambiwa chekechea ya kambini ingoje bajeti ijayo, tunakataa. Mashirika yaanze na hiyo, kabla ya kupaka uzio rangi.