Timbuktu si Mwisho wa Dunia

Upo usemi wa Kiingereza ambao vijana wetu huujua kabla ya kuijua jiografia ya bara lao: mtu aliyekwenda mbali kupita kiasi husemwa kuwa amekwenda Timbuktu. Husemwa kwa kicheko, na kicheko hicho huingia madarasani bila kubisha hodi. Sisi walimu wa Kiswahili wa nchi hizi jirani hatuna budi kukikataa, kwani ndani yake imo kasumba kwamba Afrika ni bara lisilo na maandishi.

Timbuktu ni mji wa Mali, ukingoni mwa Sahara, mwendo mfupi kaskazini ya mto Niger. Watuareg walianza kupiga kambi hapo yapata mwaka 1100. Hapo ndipo ngamia walipokutana na mitumbwi: mabamba ya chumvi ya Taghaza, na baadaye ya Taoudenni, yalishuka kutoka kaskazini, dhahabu na nafaka zilipanda kutoka kusini. Watumwa nao waliuzwa hapo, na jambo hilo hatulifichi. Mansa Musa, aliporejea kutoka hija aliyoianza mwaka 1324, aliamuru ujengwe msikiti wa Djinguereber, uliosimama hadi leo kwa udongo unaokandikwa upya kila mara. Sankore ilikuwa makao ya wanavyuoni. Leo Africanus, aliyefika huko mwanzoni mwa karne ya 16, aliandika kwamba biashara ya vitabu ilileta faida kuliko bidhaa nyingine yoyote. Je, mji wa namna hiyo ni mwisho wa dunia kwa nani?

Hata hivyo, mwaka 1963 Hugh Trevor-Roper, profesa wa Oxford, alidai kwamba Afrika haikuwa na historia ila ile ya Wazungu waliokuja kwetu. Miaka kumi baadaye, mwaka 1973, taasisi ya kuhifadhi miswada ilifunguliwa Timbuktu, ikapewa jina la Ahmad Baba. Mwanachuoni huyo alihamishwa kwa nguvu hadi Marrakesh baada ya majeshi ya Moroko kuuteka mji mwaka 1591. Alilalamika kwamba alipoteza vitabu 1,600, na kwamba maktaba yake ilikuwa ndogo kuliko za jamaa zake wote.

Wapo watakaotujibu: vitabu hivyo viliandikwa kwa Kiarabu, basi si vya Kiafrika. Hoja hii ni dhaifu. Newton alikiandika kitabu chake kikuu cha mwaka 1687 kwa Kilatini, wala hatujasikia Waingereza wakivuliwa elimu yake. Zaidi ya hayo, miongoni mwa miswada ya Timbuktu imo iliyoandikwa kwa Kisonghai na Kifulani kwa hati za Kiarabu. Kiswahili nacho kiliandikwa vivyo hivyo: mswada wa Utendi wa Tambuka ni wa mwaka 1728. Wala hati hizo hazikubaki pwani. Katika karne ya 19 barua za Kiswahili ziliandikwa kwazo hadi mashariki ya Kongo. Anayewapokonya watu wa Timbuktu maandishi yao anatupokonya sisi pia yetu.

Wapo pia wanaousifu mji huo kwa mchanga, ngamia na machweo, kana kwamba uliumbwa kwa ajili ya kamera za wageni. Kivutio chake kikuu kimo masandukuni. Makundi yenye silaha yalipouteka mwaka 2012, yalibomoa makaburi ya mawalii, na mapema mwaka 2013 yakachoma miswada ipatayo elfu kadhaa. Lakini sehemu kubwa ilikwisha kuondolewa kwa siri: wakutubi na wenye nyumba waliijaza katika masanduku ya chuma, wakaipeleka Bamako kwa magari na mashua. Makaburi yakajengwa upya na waashi wa mji wenyewe. Miswada mingi haikuwa imetunzwa na serikali yoyote; ilitunzwa na koo, baba akimwachia mwana, karne hata karne.

Hapo ndipo lawama inapotugeukia. Ni nyumba ngapi katika miji yetu ya bara ambamo mzee akifariki, karatasi zake za hati za Kiarabu huwashiwa moto wa jikoni kwa kuwa hakuna ajuaye kuzisoma? Na sisi, tunaoitwa walimu wa lugha hiyo hiyo, ni wangapi tunaoweza kuzisoma?

Tunadai mambo mawili. Kwanza, somo la Timbuktu lifundishwe kama historia ya elimu, wala si hekaya ya dhahabu. Pili, kila mwalimu wa Kiswahili afunzwe kusoma hati ambazo lugha yake iliandikwa kwazo kwa muda mrefu kabla ya kuja hizi za Kilatini. Wazee wenye karatasi hizo wanapungua kila mwaka, na moto wa jikoni hausubiri mitaala.