Riwaya za Kukesha Nazo
Anayetaka kitabu cha kumnyima usingizi wiki hii aanze na Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed, iliyotoka mwaka 2001. K, mkubwa serikalini, anatokewa na babu yake aliyekwisha kufa, na babu hakuja kwa heri: anamchukua mjukuu akaione kwa macho yake nchi ambayo yeye na wenzake wameitafuna. Mzuka unaomhoji kigogo, tena bila woga! Hapo ndipo njozi inapouma kuliko gazeti. Walenisi ya Katama Mkangi nayo inamtoa mhusika wake mkuu, Dzombo, kwenye hukumu ya kifo hadi sayari nyingine. Katikati ina mahubiri mengi, lakini vumilia. Kwa upande wa mauaji, sijaona mpelelezi wa kumshinda Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya ya Muhammed Said Abdulla ya mwaka 1960. Wengine wakihofia mizimu, yeye, kiko mdomoni, anauliza vijiswali vinavyoonekana vya kipuuzi. Kazi ni kuzipata riwaya hizi, maana maduka mengi yamejaa vitabu vya kiada. Jaribu wauza vitabu chakavu wa kando ya barabara, na ukibahatika, usimwazime mtu kabla hujamaliza.