Kisu mfukoni, macho kwenye simu

Wadau, juzi kijiweni hapa Mpanda mshkaji katuonyesha kisu kipya, eti sasa usiku haogopi mtu. Haya, ukikabwa kwa nyuma huku unachati, utakichomoa saa ngapi?

Kumbukeni Sungusungu. Walipoanza mwanzoni mwa miaka ya 1980 huko Unyamwezini na Usukumani, walikutana na wezi wa ng'ombe wenye bunduki, wao wana pinde na mishale. Kilichowabeba ni yowe na filimbi: kijiji kimoja kikipiga, vya jirani vinafuata nyayo na kuziba njia. (Baadaye walilaumiwa kwa kupiga watu hovyo, hilo sitetei.)

Sisi huku mtaani jirani akipiga yowe tunazima taa. Asubuhi tunaulizana bei ya visu!