Piano Moja, Sauti Moja, na Haki ya Kuubadili Wimbo

Safu ya kila wiki ya Rehema Mbwana

Richard Rodgers, mmoja wa watunzi waliolijenga jukwaa la Broadway, hakupenda waimbaji wauguse wimbo wake. Mwaka 1952 mwimbaji Peggy Lee aliuchukua "Lover", wimbo ambao Rodgers aliuandika kwa mapigo ya waltzi kwa ajili ya filamu ya mwaka 1932, akaukimbiza kwa mdundo wa Kilatini. Watu waliupenda, mtunzi alichukia. Mwaka 2018 mwimbaji Cécile McLorin Salvant na mpiga piano Sullivan Fortner walitoa albamu ya The Window, na kati ya nyimbo zake 17, tatu ni za Rodgers huyohuyo. Hakuna hata mmoja kati ya hizo tatu unaosikika kama ulivyosikika kwenye tamthilia ulikotoka. Msimamo wangu ni kwamba wawili hawa wamemtendea Rodgers haki kuliko wanaomwimba noti kwa noti, na kwamba ushahidi wa jambo hilo huonekana wazi zaidi jukwaani panapokuwa na watu wawili tu.

Tuanze na kinachotokea watu wengine wanapoondolewa. Katika bendi ya kawaida ya jazi, besi na dramu ndizo zinazoshika mapigo. Mwimbaji akichelewa kidogo au akitangulia, mapigo yapo palepale na anajua atakapoyakuta. Toa besi, toa dramu, na mwendo wa wimbo unabaki mikononi mwa watu wawili ambao wakati wowote wanaweza kuukaza au kuulegeza. Mkono wa kushoto wa mpiga piano unaweza kufanya kazi ya besi, lakini haulazimiki. Ukinyamaza, mwimbaji anasimama peke yake katikati ya sentensi. Tena sauti za piano zimefungwa: kila kibonye kina noti yake na hakipandi wala kushuka. Sauti ya binadamu huteleza, hukwaruza, hukaribia noti na kuikwepa. Sauti hizo mbili zikiwa peke yake, kila mteremko wa mwimbaji unapimwa papo hapo dhidi ya ala isiyosogea. Kosa halina mahali pa kujificha. Uamuzi mzuri nao hauna mtu mwingine wa kugawana naye sifa.

Kwa sababu hiyo naheshimu mahali pa kazi hii pia. Sehemu ya The Window ilirekodiwa Village Vanguard, ukumbi wa chini ya ardhi huko New York uliofunguliwa mwaka 1935 na ambao hukaa watu wapatao 120 tu. Katika chumba kama hicho mwimbaji hana haja ya kupaza sauti ili afike viti vya nyuma, kwa hiyo ana nafasi ya kunong'ona, na mpiga piano anaweza kuiacha noti moja ife yenyewe. Salvant, aliyezaliwa Miami kwa baba wa Haiti na mama Mfaransa na kushinda shindano la jazi la Thelonious Monk mwaka 2010, anaitumia nafasi hiyo kama mwigizaji: anabadili sauti katikati ya mstari, kutoka ya mtoto hadi ya mwanamke aliyechoka. Fortner, mzaliwa wa New Orleans aliyewahi kupiga katika kundi la mpiga tarumbeta Roy Hargrove, hamfuati kwa nyuma kama msindikizaji. Anambishia. Anaweka chini ya mahadhi mseto wa sauti ambao hukuutarajia, na neno lililokuwa la furaha linaanza kutia shaka.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Chukua "The Gentleman Is a Dope", ambao Rodgers na Oscar Hammerstein waliuandika kwa tamthilia ya Allegro ya mwaka 1947. Mwanamke anayefanya kazi chini ya daktari anamsema daktari huyo kwa dharau, na kadiri anavyomsema ndivyo tunavyojua kwamba anampenda. Au chukua "Everything I've Got Belongs to You", wa Rodgers na Lorenz Hart, kutoka By Jupiter ya mwaka 1942: kichekesho cha mke na mume wanaotishiana kuumizana. Ukumbi wa mwaka 1942 ulicheka. Msikilizaji wa leo, anayejua vitisho vya ndani ya nyumba huishia wapi, hawezi kucheka kwa namna ileile. Mwimbaji anayeurudia wimbo huo kama ulivyokuwa anatuomba tujifanye watu wa mwaka 1942. Salvant hayakimbii maneno hayo, na anatuachia kicheko pamoja na uchungu wake kwa wakati mmoja. Ili kufanya hivyo ni lazima auvunje mwendo wa asili, acheleweshe, asisitize pasiposisitizwa. Mabadiliko hayo ndiyo yanayoyafanya maneno ya Hart yasikike tena kama maneno ya mtu aliye hai.

Wapo watakaosema sifa hizi zinaficha sababu ya kawaida kabisa, nayo ni fedha. Watu wawili ni rahisi kuwalipa kuliko wanamuziki kumi, na kumbi ndogo zinalijua hilo. Ni kweli, na sioni aibu yoyote ndani yake. Lakini fedha haiwezi kueleza mwaka 1975, pale mwimbaji Tony Bennett na mpiga piano Bill Evans walipoingia studio ya Fantasy huko Berkeley, California. Evans alikuwa na kundi lake la watu watatu, besi na dramu zikiwemo, na wenzake hao wangeweza kutumiwa. Wakaachwa nje kwa makusudi. Bennett, aliyezoea kuimba mbele ya okestra kubwa, alijivua ngao hiyo yote. Kabla yao, mwaka 1950, Ella Fitzgerald alirekodi nyimbo za Gershwin na piano ya Ellis Larkins peke yake. Na mwaka 1961 mwimbaji Jeanne Lee na mpiga piano Ran Blake, vijana waliokutana Chuo cha Bard, walirekodi The Newest Sound Around, kazi ambayo hadi leo inasikika ya ajabu: Blake anaacha mapengo marefu, anagonga sauti zisizopatana, na Lee anatembea juu yake kwa utulivu kana kwamba ardhi iko sawa. Haikuuzika sana kwao Marekani, ila Ulaya waliwasikiliza. Kwa maoni yangu, kila jozi iliyofuata inadaiwa na wale wawili.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: kwa nini waimbaji wenye kipaji wanakaa na zilipendwa za Broadway badala ya kutunga zao? Nalikubali kwa kiasi. Muziki ambao hauzai nyimbo mpya hufa, na wapo wengi wanaojificha nyuma ya watunzi kama Porter na Gershwin kwa sababu hadhira hupiga makofi kwa kitu inachokijua. Lakini Salvant hutunga pia, kama albamu yake ya Ghost Song ya mwaka 2022 inavyoonyesha, na The Window yenyewe haiishii Broadway. Inafunguliwa na "Visions" wa Stevie Wonder, wa mwaka 1973, na ndani yake zimo nyimbo za Kifaransa. Wimbo unaojulikana unampa mwimbaji kitu ambacho wimbo mpya haunacho, yaani kumbukumbu ya msikilizaji, ambayo anaweza kuithibitisha au kuipinga. Wapenzi wa taarabu wanalifahamu hili. Bi Kidude aliziimba nyimbo za Siti binti Saad kwa koo lake mwenyewe, na watu wakazipokea kuwa zake pia bila kumnyang'anya Siti.

Linabaki pingamizi ambalo kwetu ndilo gumu kuliko yote. Sanaa inayotegemea kumbukumbu inamwacha nje asiye na kumbukumbu hiyo. Msikilizaji wa Mombasa au Dodoma hakukua akisikia By Jupiter, kwa hiyo atajuaje kilichobadilishwa? Sitadai kwamba hapotezi kitu. Ninachodai ni kwamba muundo wa watu wawili unampunguzia umbali. Nyimbo nyingi za aina hii zina umbo dogo la vipimo 32, mahadhi yakija, yakirudi, yakitoka kidogo na kurudi tena. Pasipo okestra ya kuyafunika, umbo hilo huonekana wazi kufikia mzunguko wa kwanza, na mabadiliko ya mzunguko wa pili yanasikika hata kwa mgeni. Kwa anayetaka kuanza, ningemwelekeza kwenye "Somewhere" wa Leonard Bernstein na Stephen Sondheim, kutoka West Side Story ya mwaka 1957, kwa kuwa filamu imewafikishia wengi mahadhi yake. Asikilize kwanza toleo la tamthilia, na mruko ule mpana wa noti mbili za mwanzo, kisha aweke la Salvant na Fortner. Baadaye afike wimbo wa mwisho wa albamu, "The Peacocks", ambapo Melissa Aldana wa Chile anaingia na saksafoni. Baada ya nyimbo 16 za watu wawili, sikio lake litakuwa limejifunza kiasi cha kushtuka kwa kumsikia mtu wa tatu.