Adimu, Halafu?

Muuzaji akinitajia bei ya kutisha kwa sababu pikipiki yake ya Kiitaliano ni adimu, humuuliza: ilishinda wapi?

Ducati 750 Super Sport ya 1974, ile ya fremu ya kijani, zilitengenezwa takriban 400 tu. Lakini matajiri hawaigombei kwa uchache wake. Wanagombea mbio za Imola, Aprili 1972, Paul Smart akimaliza wa kwanza na mwenzake Bruno Spaggiari wa pili, wote juu ya Ducati za 750. Super Sport ni mtoto wa ushindi ule.

Sasa nitafutie Ducati 500 GTL ya katikati ya miaka ya 1970. Hutaipata kirahisi, wanunuzi waliikwepa tangu ikiwa mpya. Adimu kweli, na bado bei yake haisogelei ya Super Sport. Kumbe Ducati za Hailwood Replica zilitoka kwa maelfu, na watu wanazililia, kwa kuwa mwendeshaji Mike Hailwood alirudi kwenye mbio za Isle of Man mwaka 1978, mzee wa miaka 38 (mzee kwa kazi ile), akashinda juu ya Ducati.

Ukinunua fremu ya kijani, kagua namba za injini na fremu. Rangi hupakwa na fundi yeyote.