Ongea Naye Kabla Hujampiga

Mwaka jana nililipwa nauli ya elfu moja, soda juu, ili nikae kwenye kiti cha plastiki pale Garsen nifundishwe amani. Ilikuwa warsha ya vijana. Nilitoka Wenje alfajiri, nikafika na vumbi hadi kwenye nyusi, nikaandika jina langu kwenye ile karatasi ambayo bila sahihi yako wewe hujafika. Kabla tu ya chakula cha mchana, mtoa mada mmoja, ambaye sitamtaja, akasema shida ya vijana wa Tana River ni miraa, uvivu na gemu za vita. Akainua simu yake juu kama mhubiri.

"Hawa watoto wanashinda humu ndani wakipigana na maroboti," akasema. "Halafu mnashangaa wakishika panga?"

Watu wakapiga makofi. Mimi pia nilipiga makofi, na ndiyo sababu naandika hii makala. Mfukoni mwangu kulikuwa na simu, na ndani ya simu kulikuwa na gemu ya maroboti ambayo nimeicheza tangu nikiwa na miaka 15, na hakuna warsha iliyowahi kunifundisha amani hata nusu ya vile hiyo gemu ilinifundisha. Nilinyamaza kwa sababu ya pilau.

Wacha nieleze gemu yenyewe, maana waliopiga makofi hawajawahi kuiona, na wewe unayesoma hapa labda umeona vipande tu kwenye TikTok.

Inaitwa Super Robot Wars. Ilianza Japani mwaka 1991 kwenye Game Boy, chini ya kampuni iliyoitwa Banpresto. Wazo lake ni rahisi hadi linachekesha: chukua maroboti makubwa ya katuni tofauti tofauti, Mazinger Z, Getter Robo, Gundam, yaweke kwenye ramani moja yapigane na adui mmoja. Uwanja umegawanywa miraba kama drafti. Unasogeza wako, adui anasogeza wake. Na kila vita vinatanguliwa na maongezi, sio mchezo, unaweza kukaa dakika kumi ukibonyeza kitufe tu, ukisoma nani alimkosea nani na nani bado hajaomba msamaha. Msee mwenye haraka hii gemu itamshinda.

Toleo nililoanza nalo ni Original Generation, lile lililotoka kwa Kiingereza Marekani mwaka 2006. Kwetu lilifika miaka kama minane baadaye, ndani ya simu ya binamu yangu, kupitia programu inayoifanya simu ijifanye Game Boy. Ndiyo, ni wizi. Nionyeshe duka la kaseti za Japani pale Wenje na nitaenda kulipa deni langu. Tulichezea kwenye kibanda cha kuchaji simu, chini ya paneli ya sola, kwa zamu, mbu wakitumaliza. Kiingereza changu cha kusoma nilikipata pale zaidi ya darasani. Hata chuo nilichokuja kuacha mwaka wa pili, kwa sababu ya ada na sababu zingine ambazo si za leo, hakikuniongezea mengi juu ya hapo.

Sasa sikia. Mmoja wa mashujaa wa gemu hiyo anaitwa Ryusei Date. Ni mwanafunzi wa sekondari, mwendawazimu wa maroboti. Tunakutana naye kwenye mashindano ya gemu iitwayo Burning PT, na fainali anapigwa na kijana mwingine, Tenzan Nakajima. Baadaye inajulikana kwamba yale mashindano yalikuwa mtego. Watu wa jeshi walikuwa wakitafuta vijana wenye kipaji cha kuendesha mashine za vita. Ryusei anachukuliwa na upande mmoja, Tenzan upande wa pili. Tenzan anaendelea kucheza. Kwake vita ni gemu bado, anasema hivyo waziwazi na anacheka. Ryusei naye anaanza kuogopa, kwa sababu amegundua kuwa ndani ya kila mashine kuna mtu. Na mwisho wa Tenzan unajua ni nini? Adler Koch, mzee mwanasayansi wa upande wake mwenyewe, anamtia kwenye mashine yenye mtambo unaomla akili, anamtumia kama spea.

Yaani ile hoja ya mtoa mada wetu, kwamba gemu zinaua huruma, gemu yenyewe ilishaileta mezani kitambo, na ikaijibu. Muulize huyo mzee aliyesimama nyuma ya kijana ana mpango gani naye.

Sisi kina Adler Koch tunawajua. Mwaka 2012 taifa zima lilikuwa likielekea uchaguzi wa kwanza wa kaunti, viti vipya, ulaji mpya. Agosti mwaka huo, katika kijiji cha Riketa, watu 52 waliuawa katika shambulio moja, wengi wao wanawake na watoto. Waliouawa walikuwa Waorma na waliowashambulia walikuwa Wapokomo, watu wangu. Naandika majina kwa sababu pale warshani siku nzima tulikuwa tukisema "jamii moja" na "jamii nyingine" kama watu wanaoogopa kuitaja maradhi. Septemba ikaja zamu ya Chamwanamuma, halafu Kilelengwani. Desemba, Kipao. Zaidi ya watu 100 wakafa. Tukawekewa kafyu, Rais Kibaki akaunda tume ya uchunguzi.

Hayo mapanga hayakutoka ndani ya simu. Simu za kucheza gemu zilikuwa za kuhesabu. Simu iliyokuwa nyumbani kwetu ilikuwa mulika mwizi ya mjomba wangu, na gemu yake ilikuwa nyoka.

Lakini nataka kuongea kuhusu hiyo mulika mwizi.

Mapigano yenyewe yalikuwa chini, deltani. Wenje sisi tulipata hofu yake. Nilikuwa na miaka 13. Mjomba alikuwa na rafiki yake, mzee wa Kiorma, ambaye kila kiangazi ng'ombe wake walishuka mtoni kupitia malka iliyo kando ya shamba letu. Malka, kwa wewe wa Nairobi, ni njia ya mifugo kwenda majini, na ugomvi wetu mwingi unaanzia hapo: mkulima analima hadi ukingoni, mfugaji anakuja anakuta mgomba mahali babu yake alipitisha ng'ombe. Hawa wawili walikuwa wameelewana. Mzee analeta maziwa, mjomba anampa maembe. Ng'ombe akikanyaga mihogo wanahesabu mashina pamoja, wanapandishiana sauti, halafu wanakunywa chai.

Namba ya huyo mzee ilikuwa kwenye simu ya mjomba. Simu ilikuwa na chaji. Mara mbili nilimwona akiitoa, akaitazama, akairudisha mfukoni.

"Atadhani napeleleza," alimwambia mama. "Na wetu hapa watasema nimewauza."

Mzee hakupita tena kwetu, mwaka huo wala uliofuata. Malka ikaota mathenge.

Ndani ya Super Robot Wars kuna kitu ambacho wasioicheza hawawezi kukijua, na wengi wanaoicheza pia wanakipita. Tangu ile ya kwanza ya 1991, kuna amri ya kushawishi. Kwa kawaida haionekani. Kuna adui kwenye ramani anakurushia makombora kama wengine wote. Ukisogeza mtu fulani, sio yeyote, yule yule hasa anayemjua, ukamweka mraba wa pembeni yake, kwenye orodha ya amri linatokea neno jipya. Unalichagua. Badala ya kupigana wanaongea. Mara nyingine mara moja haitoshi, unarudi zamu inayofuata na huku anaendelea kukupiga. Ukifanya sawasawa, anabadilisha upande, au anaondoka hai.

Mfano ninaoupenda ni wa Four Murasame. Katika katuni ya Zeta Gundam, iliyoanza kuonyeshwa Japani mwaka 1985, huyu dada amefanyiwa majaribio na jeshi hadi kumbukumbu zake zimefutwa, na anakufa. Amekufa tangu wazazi wetu wakiwa shule. Lakini katika matoleo kadhaa ya Super Robot Wars anaweza kuishi. Anayeweza kumwokoa ni Kamille, kijana anayempenda, akimfikia na kuongea naye. Kamanda mwenye mzinga mkubwa kuliko wote akisogea pale, hapati neno lolote kwenye orodha. Anapata "piga" tu.

Angalia masharti yake. Lazima awe ni yule mwenye historia na adui. Lazima asogee karibu, mahali ambapo anaweza kuuawa. Lazima awahi, kwa sababu mwenzako yeyote mwenye hamu ya pointi anaweza kummaliza huyo adui kabla hujafika. Na usipojua kwamba nafasi ipo, gemu haikukemei. Utamuua, utashinda, muziki utapigwa, utaendelea na hatua inayofuata ukidhani ndivyo hadithi ilivyokuwa.

Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo hainiachi nilale.

Mimi sisemi gemu ni malaika. Inauza milipuko, na inauza vile vidubwasha vya plastiki ambavyo bei yake ingelipia kodi yangu. Kuna wakati inapenda vita kuliko inavyokubali. Lakini niambie, kati yake na ile warsha, nani anaielewa amani? Warsha inaamini mtu yeyote anaweza kumshawishi mtu yeyote mradi kuna bango, chakula na mpiga picha. Inamleta mgeni kutoka mji mwingine, inamsimamisha mbele ya watu 60, inamwambia aongee. Kwenye ramani huyo yuko miraba ishirini kutoka kwa adui. Hawezi kupigwa, na hawezi kumfikia. Wazee wa Gasa kwetu na wa Matadeda kwa Waorma hawahitaji roboti kulijua hili. Ukitaka maneno yafike, unamtuma mtu ambaye jina lake likitajwa kule linamaanisha kitu. Mtu kama mjomba wangu.

Kuna kundi lingine nataka kulijibu kabla sijamaliza, nalo ni lile la fasihi. Mhariri mmoja (si wa hapa, tulieni) alinirudishia insha kuhusu hii gemu na mstari mmoja: tuandikie vitu vya kwenu, kwa mfano Fumo Liongo, si yeye alikuwa upande wenu wa Tana?

Sawa, Liongo. Jitu la pwani, nguvu za ajabu, silaha yoyote haimdhuru, ila sindano ya shaba ikimchoma kitovuni. Wakubwa wanamshindwa, kwa hivyo wanamtafuta mtoto wake, wanamwahidi mke na cheo, wanamtuma amchome baba yake amelala. Mtoto anatumwa kwenye vita ya wazee, anaahidiwa zawadi, na jitu lina mahali pamoja tu pa kuvunjikia. Halafu mnaniambia maroboti ya Japani si ya kwetu! Lakini mnaposimulia mnapenda kuishia kwenye sindano. Kilichofuata je? Liongo aliyechomwa alichukua upinde wake, akaenda hadi kisimani, akapiga goti, akavuta mshale, akafia hapo hapo katika mkao huo. Watu wa mji wakimwona kwa mbali wanadhani yu hai. Hakuna anayethubutu kuteka maji. Mji mzima una kiu kwa sababu ya maiti. Na kilichowafungulia kisima ni nini? Waliona hakuna wa kumsogelea ila mama yake, wakamwomba aende. Mama akaenda akambembeleza kwa nyimbo, hadi mwili ukaanguka.

Mtu sahihi, mraba wa pembeni, na maneno. Walikuwa na hiyo amri siku zote, wakaitumia baada ya kuua.

Nilimsomea mjomba sehemu hii ya Liongo wiki iliyopita, tukiwa chini ya mwembe. Yeye anaijua hadithi kuliko mimi, alinisahihisha mahali. Nikamuuliza kama bado ana ile namba. Simu ni mpya, ya kugusa, mtoto wake alimtumia kutoka Mombasa, lakini laini ni ile ile. Akatafuta kwa muda mrefu akiwa ameisogeza mbali na macho. Ipo. Ameiandika MAZIWA.

"Na nikipiga nimwambie nini?" akaniuliza. "Miaka hii yote."

Nikamwambia aanze na malka. Amwambie mathenge imeziba hadi mtoni, na sisi peke yetu hatuwezi kuifyeka.

Akasema hana kredo. Nikamtumia ya mia. Hadi naandika hii, hajapiga.